Maporomoko ya Bwawa Yapewe Pampu Yake: Ushauri kwa Wenye Nyumba na Loji za Nyanda za Juu Kusini

Loji na nyumba nyingi zinazojengwa sasa Mbeya, Iringa na hata Mafinga zinawekewa bwawa la kuogelea, na mwenye bwawa karibu kila mara anataka na maporomoko: ukuta wa mawe, maji yakishuka, taa kwa nyuma. Ni kitu kizuri, nami nayapenda. Lakini mabwawa mengi niliyoitwa kuyatibu, maji yakiwa yamegeuka kijani au yamejaa ukungu, yalikuwa na kasoro ileile. Pampu moja na filta moja vilibebeshwa kazi mbili zisizopatana.

Filta inataka maji yapite polepole. Maporomoko yanataka maji mengi kwa mkupuo, la sivyo yanachuruzika ukutani badala ya kushuka kama pazia. Ukiyapitisha maji ya maporomoko yote kwenye filta ya mchanga, kasi inakuwa kubwa mno, maji yanajichimbia njia katikati ya mchanga, na uchafu uliokwisha kushikwa unasukumwa kurudi bwawani. Mteja anaona maporomoko yananguruma, anaamini maji yanasafishwa, kumbe yanazungushwa tu.

Piga hesabu mwenyewe kabla hujaenda dukani. Chukua bwawa la mita 4 kwa 8, kina cha wastani mita 1.5: hilo ni lita 48,000. Maji yote yanatakiwa yapite kwenye filta mara moja kila saa 6 hadi 8, kwa hiyo unahitaji lita 6,000 hadi 8,000 kwa saa. Tangi la mchanga lenye kipenyo cha milimita 600 linaibeba kazi hiyo bila kuhema, maana kikomo chake ni kama lita 14,000 kwa saa. Sasa njoo kwenye maporomoko. Kila sentimita moja ya upana wa mdomo, yaani ukingo maji yanapomwagikia, inataka takribani lita 150 kwa saa ili maji yashuke yakiwa yameshikana. Mdomo wa mita moja tu unataka lita 15,000. Hapo tangi limeshazidiwa, na wateja wengi wanataka mdomo wa mita mbili.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chagua filta kwa kupima bwawa, na yape maporomoko pampu yake, bomba lake la kuvuta na swichi yake. Pampu hiyo haihitaji filta nzito. Kikapu cha kukamata majani mbele yake kinatosha, kwa sababu inachota maji ambayo filta ya bwawa tayari inayahudumia. Pampu ndogo, ile ya filta, inafanya kazi mchana kutwa bila kelele. Ile kubwa, ya maporomoko, unaiwasha wageni wanapokuwepo, na kila siku kwa muda mfupi hata kama hakuna mtu, ili maji yaliyolala kwenye karai la juu na mabombani yasiote mwani. Na bili ya umeme itakuonyesha tofauti.

Aina ya filta? Mchanga, katriji (kitambaa cha kuchujia kilichokunjwakunjwa), au unga wa diatomaiti (unga laini wa mwamba). Huo unga unachuja vitu vidogo kuliko vyote, hadi mikroni 3 hadi 5 (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), lakini kuupata huku kwetu ni shida, na kila ukiosha filta lazima uongeze mwingine. Kwa loji ya mkoani siupendekezi. Katriji inashika mikroni 10 hadi 20, haipotezi maji kwenye kuosha, na kwa nyumba yenye maji ya mgao ni chaguo la heshima. Ubaya wake unaonekana kiangazi. Kuanzia Julai hadi Oktoba upepo wa Iringa unaleta vumbi jekundu laini linaloziba katriji upesi, na mtu wa kuitoa na kuipiga maji ya mpira mara kwa mara asipokuwepo, mtiririko unakufa.

Ndiyo maana mara nyingi naishia kwenye mchanga. Unashika mikroni 20 hadi 40 tu, ila unavumilia vumbi na unavumilia mhudumu mgeni wa kazi, na ukitunzwa unadumu miaka 5 hadi 7. Lakini uwe mchanga wa silika uliochekechwa kwa ajili ya filta, chembe za karibu nusu milimita. Mchanga wa mtoni, hata ukiuosha mara ngapi, una udongo ndani na chembe za kila ukubwa. Unaziba mirija ya chini ya tangi na kuingiza tope bwawani. Fundi akikwambia "mama, mchanga ni mchanga tu," mshukuru na umtafute mwingine.

Bei ya kuosha mchanga ni maji. Dakika mbili tatu za kurudisha maji kinyume zinakula lita 500 hadi 700. Usioshe kwa ratiba ya wiki, soma geji. Andika kwa wino usiofutika kwenye tangi presha ya siku filta ilipokuwa safi, kisha osha presha ikipanda kwa nusu ba (ba ni kipimo cha presha kwenye geji) au zaidi kidogo. Mchanga wenye uchafu kiasi unachuja vizuri kuliko uliooshwa jana, kwa hiyo anayeosha kila siku anapoteza maji na usafi kwa pamoja.

Jambo ambalo wauzaji wa pwani hawaliwazi ni mwinuko. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa zaidi ya 1,500. Mgandamizo wa hewa Mbeya umepungua kwa takribani moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam, na hewa ndiyo inayosukuma maji kupanda kwenye bomba la kuvuta. Pampu iliyovuta vizuri Kigamboni inaweza kukwama Forest au Isyesye hapa Mbeya. Iweke chini ya usawa wa maji ya bwawa, au karibu sana nao, na bomba la kuvuta liwe nene: kwa lita 15,000 kwa saa lisipungue milimita 75. Mota nazo hupimwa kiwandani kwa matumizi hadi mita 1,000. Juu ya hapo hewa nyepesi haizipozi vya kutosha. Nunua yenye nguvu kidogo zaidi na uijengee kibanda chenye matundu ya hewa, siyo boksi la bati lililofungwa.

Maporomoko pia yanabadilisha dawa. Maji yakipigwapigwa hewani yanapoteza kaboni dioksidi, na pH, kipimo cha uchachu wa maji, inapanda yenyewe. Kwenye pH 7.5 karibu nusu ya klorini yako ndiyo inayoua vijidudu. Ikifika 8 inabaki kama robo au pungufu. Watu wanaongeza klorini juu ya klorini, macho ya watoto yanawasha, na maji bado yana ukungu, wakati kilichohitajika ni asidi kidogo. Shikilia pH kati ya 7.2 na 7.6, pima angalau mara mbili kwa wiki, na mkianza kuona gamba jeupe kwenye mawe mjue mmechelewa.

Usiku wa Juni na Julai, zima maporomoko. Yanapoza bwawa haraka kuliko kitu kingine chochote, na maji yanapotea kwa kuvukizwa. Misindano na mikaratusi isiwe juu ya karai. Sindano za misindano zinapenya kikapu. Na wanaotaka samaki kwenye maporomoko hayohayo: haiwezekani. Klorini inaua samaki, na kidimbwi chao kinataka filta yenye bakteria hai. Jenga vitu viwili.

Kuhusu usalama sibembelezi. Pampu ya maporomoko inavuta kwa nguvu kubwa, na tundu moja la kuvuta likizibwa na mwili au nywele za mtoto, mtu mzima hawezi kumng'oa. Marekani walitunga sheria kuhusu mifuniko ya matundu haya mwaka 2007 baada ya mtoto kufa. Weka matundu mawili yaliyounganishwa, yakiachana karibu mita moja, yenye mifuniko iliyobinuka isiyozibika. Kwenye umeme weka breka ya kukata kwa uvujaji wa miliampia 30.

Kabla hujamlipa fundi kiasi cha mwisho, mwambie awashe pampu zote mbili, zifanye kazi nusu saa, kisha akate umeme ghafla kwenye swichi kuu, kama TANESCO wanavyokata. Tazama karai la juu. Likimwagika lote kurudi bwawani kupitia bomba, hakuna vali ya kuzuia maji kurudi, na kila umeme utakaporudi pampu itateremsha maji ya bwawa hadi skima, tundu la ukingoni linalovuta maji ya juu, ivute hewa. Mrudishe aiweke, mjaribu tena, ndipo utoe hela.