Walishushaje magari ya farasi kwenye ule ufa?

SWALI: Habari mhariri, nimeona picha ya sehemu inaitwa Hole-in-the-Rock huko Utah, Marekani, ni ufa tu kwenye genge, eti walowezi wa Kimormoni (waumini wa dhehebu lililoanzia huko Marekani) walishusha magari ya farasi pale. Sasa gari si lingewaangukia farasi? Na kwanini wasingerudi tu walikotoka?

JIBU: Kurudi haikuwezekana ndugu yangu, huko nyuma milimani theluji ilishafunga njia. Walikuwa watu kama 250 na magari 83, waliondoka mwishoni mwa 1879 wakidhani ni safari ya wiki sita tu, wakafika ukingoni wakakuta Mto Colorado uko chini kabisa, mita kama 300 hivi, na upenyo wenyewe mwembamba hata mtu anapita kwa shida. Wakaupanua kwa baruti na sululu Desemba na Januari, baridi kali hiyo.

Farasi hawakuangukiwa kwa sababu gari halikuachwa lijiendee. Magurudumu ya nyuma yalifungwa kwa minyororo yasizunguke kabisa, yaani yanaburuzwa tu, halafu wanaume kibao nyuma wameshika kamba wanavuta kurudi juu huku gari linateremka. Tarehe 26 Januari 1880 ndo yakaanza kushuka.

Ila mimi kinachonigusa zaidi ni kile kipande cha chini ya ufa, maana pale hapakuwa na njia kabisa, ni ukuta wa mwamba. Benjamin Perkins, mtu wa Wales aliyejua kazi ya migodi, alisimamia wakachonga mfereji wa magurudumu ya upande wa ndani, na upande wa nje wakatoboa mashimo mwambani wakapigilia vigingi vya mwaloni, juu yake magogo, matawi na mawe, gurudumu la nje likapita hapo hewani!! Fikiria mama na watoto wanaangalia hilo.

Na bado hiyo haikuwa mwisho. Karibu na kufika kuna mlima wa San Juan Hill, wanyama walishachoka hoi ikabidi gari moja livutwe na jozi saba za farasi, ili wale wakianguka magoti wengine waendelee kuvuta. Safari ikawa karibu miezi sita, hakuna aliyekufa na watoto walizaliwa njiani. Walipangiwa kwenda mbele zaidi lakini tarehe 6 Aprili walipofika hapo panapoitwa Bluff nguvu ziliisha, wakajenga hapohapo.