Taa inabadilika, mzee bado yuko katikati ya barabara

SWALI: Dada, habari za kazi. Mzee wangu ana miaka 71, macho yamepungua na anatembea na fimbo. Vituo vya mwendokasi hapa Dar naona chini kuna vigae vyenye vinundu na vingine vya michirizi, ni urembo au vina kazi? Halafu taa za kuvukia zinatutesa, zinabadilika kabla hajafika ng'ambo, honi zinaanza. Tufanyeje?

JIBU: Mdogo wangu pole sana, na mzee mpe shikamoo yangu. Sio urembo kabisa. Vile vigae alivibuni Mjapani anaitwa Seiichi Miyake mwaka 1965, vya kwanza vikawekwa mji wa Okayama mwaka 1967 karibu na shule ya wasioona. Michirizi inasema endelea kufuata huku, vinundu vinasema simama, mbele kuna ukingo au barabara au njia inakata kona. Mzoeshe mzee avitambue kwa fimbo na kwa nyayo, soli nyembamba inasaidia. Ila mtu akishaweka meza ya chipsi au pikipiki juu ya huo mstari basi asiyeona anaongozwa kwenda kuumia, jamani nawaomba tusipange vitu pale.

Sasa taa. Wahandisi wengi wanapiga hesabu ya mtu anayetembea mita 1.2 kwa sekunde, yaani barabara ya mita 24 anaimaliza kwa sekunde 20, wakati mzee anayekwenda mita 0.8 anahitaji 30. Hapo kwenye hizo 10 ndo anapigiwa honi, na kosa sio lake hata kidogo. Singapore tangu 2009 mzee au mtu mwenye ulemavu anagusisha kadi yake kwenye nguzo anaongezewa sekunde, na Uingereza chini ya kile kisanduku cha kubonyeza kuna kidude kinazunguka ikiwaka kijani, asiyeona na asiyesikia anakishika tu anajua. Sisi tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, kwa hiyo andikeni barua manispaa mkiitaja, mseme taa ipi na mzee anatumia sekunde ngapi, mpime na simu.

Kwa sasa mkikuta kijani imeshawaka msivuke, subirini iwake upya, na pakiwa na kisiwa katikati mvuke kwa awamu mbili. Wewe kaa upande magari yanakotokea, na yeye ndo akushike juu ya kiwiko, usimvute.