Mama hana gari na kimbunga kinaweza kuja

Pole dada, najua hofu ya kuwa mbali na mzazi. Umeuliza mama yako aliyeko Houston, anayetumia kiti cha magurudumu, ataondokaje kimbunga kikija. Usingoje tangazo. Piga 211, namba ya simu ya huduma za msaada huko Texas, omba mkalimani, mwandikishe STEAR, daftari la jimbo la Texas la wanaohitaji msaada wakati wa dharura. Ni bure, ila huandikishwa upya kila mwaka, na jina kuwemo si hakikisho kwamba gari litafika. Kwa hiyo ongea pia na jirani mwenye gari. Na waondoke mapema: mwaka 2005 watu waliokimbia kimbunga Rita walikwama barabarani saa nyingi, juani. Begi likae mlangoni: dawa, maji, chaja, vitambulisho ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri.