Malta ni ndogo kwenye ramani tu: niliyojifunza baada ya kwenda mara mbili

Kila nikiweka picha za Malta watu wananiuliza swali moja, dada siku tatu zinatosha? Naelewa kwa nini wanauliza, maana hata mimi niliangalia ramani nikaona nchi nzima, visiwa vya bahari ya Mediterania kusini mwa Italia, ni kilomita za mraba 316, yaani Unguja peke yake inaizidi karibu mara tano, na kisiwa kikuu toka ncha hadi ncha ni kama kilomita 27 tu. Nikasema hapa tunalala popote na tunazunguka kote. Tukaenda mwezi wa nane, mimi, mume wangu na watoto wawili, siku tano, na tulirudi Birmingham tumechoka kuliko tulivyoondoka. Mwaka uliofuata tukarudi mwezi wa kumi, siku nane, tukamchukua na shangazi yetu anayekaa Leicester, na ile ndo naiita likizo. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya kulinganisha safari hizo mbili, ya kukosea na ya kupatia.

Kosa la kwanza lilikuwa pa kulala. Wakala aliyetuuzia safari alituambia hoteli ipo ufukweni, na kweli ukitoka mlangoni bahari hii hapa, lakini hakusema kwamba ufukwe wa Sliema, mji tuliolala, ni mwamba. Mwamba mtupu jamani, umechongwa ngazi na vile vishimo vya mraba vya kuogea, mzuri sana kwa mtu mzima anayejua kupiga mbizi, ila mwanangu wa miaka mitano alikuwa na ndoo yake na koleo lake la mchanga kalishika tangu uwanja wa ndege, kafika pale anaangalia huku na huku, ananiuliza mama mchanga uko wapi. Sikuwa na jibu. Malta fukwe za mchanga zipo lakini nyingi ziko kaskazini na kaskazini magharibi, kwa hiyo kabla hujalipia hoteli usiulize kama ipo karibu na bahari, kwenye kisiwa kidogo vile kila kitu kipo karibu na bahari, uliza mchanga uko umbali gani kwa miguu.

Mara ya pili tukalala Mellieħa, mji wa kaskazini, na mambo yakawa tofauti kabisa. Chini ya mji kuna ufukwe wa Għadira, ndo mrefu kuliko zote za mchanga pale, na maji yake ni mafupi, unatembea weee bado yako magotini. Ukiwa na watoto au na mzee asiyejua kuogelea nenda huko, usihangaike. Golden Bay napo pazuri, na jirani yake Għajn Tuffieħa mimi naona ndo pazuri zaidi kwa macho, kilima cha udongo kimeangukia baharini, ila kuna ngazi kama mia mbili za kushuka na hizo hizo za kupanda jua likiwa kali, shangazi alishuka mara moja akasema inatosha.

Sasa usafiri, maana hapa ndo ramani inapodanganya. Mabasi yapo, ni safi, tiketi moja tulilipa yuro 2.50 na inakubali masaa mawili hata ukibadilisha gari, na kuna kadi ya siku saba ambayo ukikaa wiki inalipa kabisa. Lakini foleni ya Malta msiichukulie poa. Kutoka Valletta, mji mkuu, mpaka Mellieħa ni kama kilomita 20, mtu wa Dar atasema hiyo Mbagala tu, ila sisi ilituchukua saa moja na robo tumesimama. Mwezi wa nane ni mbaya zaidi kwa sababu basi likijaa dereva hasimami, anakupita tu pale kituoni wewe na watoto wako mmenyoosha mikono, tulipitwa na mabasi matatu mfululizo saa saba mchana hakuna hata kivuli. Nilichojifunza ni hiki, panga upande mmoja wa kisiwa kwa siku moja, na jambo kubwa moja tu asubuhi, halafu mchana bahari. Ukishaandika kwenye daftari asubuhi Mdina, mchana Blue Grotto, jioni Valletta, ujue siku yako utaimalizia ndani ya basi. Kuendesha gari inawezekana na wanaendesha kushoto kama kwetu, Muingereza aliwatawala hadi 1964, hata soketi za umeme ni zile za pini tatu bapa kwa hiyo chaja ya nyumbani inaingia bila adapta. Ila sisi hatukukodi gari, barabara za vijijini ni nyembamba na kuegesha mjini ni shida.

Kuhusu lini uende. Kama sio mtumwa wa ratiba ya shule nenda mwezi wa tisa, bahari imepata joto la kiangazi kizima na watu wamepungua. Sisi tunabanwa na shule kwa hiyo tulienda likizo fupi ya mwisho wa mwezi wa kumi, na maji bado yalikuwa ya kuingia bila kuruka ruka, ingawa mvua inaweza kushuka ya ghafla na siku moja ilitunyeshea kweli kweli, hiyo siku tukaipeleka kanisani. Mwezi wa tano watu husifia maua na hali ya hewa na ni kweli, lakini bahari inakuwa bado ya baridi, mtu aliyezoea maji ya Tanga hataingia.

Kuna vitu vitatu lazima uvishughulikie ukiwa bado nyumbani. Cha kwanza viza, kwa sisi wenye pasi za Afrika Mashariki. Malta iko Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, na kuishi Uingereza hakukusaidii, lazima uombe. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, watoto chini ya miaka 6 hawalipi, na bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Wanakubali maombi kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, ila usije ukasubiri huko mwisho, kinachokwamisha watu ni miadi, nafasi zinaisha. Mimi nilianza kutafuta miadi mwezi wa sita kwa safari ya mwezi wa kumi, na hoteli nilibuku ile ya kughairi bure mpaka viza itoke. Angalia na pasi yako, inatakiwa iwe na angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Schengen.

Cha pili ni Hypogeum ya Ħal Saflieni. Hili ni kaburi la chini ya ardhi lililochongwa kwenye mwamba maelfu ya miaka iliyopita, vyumba juu ya vyumba, na wanaingiza watu kumi kumi tu, kama themanini kwa siku, ili pumzi zetu zisiharibu rangi nyekundu zilizobaki ukutani. Mara ya kwanza nilifika mlangoni nikidhani nitanunua tiketi kama sinema, wakaniangalia kwa huruma. Mara ya pili nilinunua miezi mitatu kabla. Simu unaiacha nje, unashuka, baridi kidogo, na katika chumba kimoja mwongozo alitueleza jinsi sauti nzito ya mtu inavyovuma mpaka unaisikia kifuani. Nilisimama pale nikawaza, hawa watu hawakuwa na chuma, wamechonga haya yote kwa mawe na pembe za wanyama. Watoto wadogo sana hawaruhusiwi, kwa hiyo mume wangu alibaki na mdogo, tukapokezana siku nyingine na makumbusho.

Cha tatu ni Blue Lagoon ya Comino, kisiwa kidogo kati ya Malta na Gozo. Maji yale ni ya rangi ambayo ukiiona kwenye picha unadhani wameiongeza, hawajaongeza. Lakini mwezi wa nane kulikuwa na watu mpaka hakuna pa kuweka taulo. Siku hizi kushuka pale unabuku nafasi mtandaoni, ni bure, usisahau kabla hujalipa boti. Boti za kwanza za asubuhi ndo za kupanda. Ukifika saa tano umeshachelewa.

Gozo, kisiwa cha pili kwa ukubwa, ipe siku nzima, na ukiweza lala huko. Feri inatoka Ċirkewwa, bandari ya kaskazini mwa kisiwa kikuu, dakika 25, inabeba magari na watu kama pantoni la Kigamboni ila kubwa zaidi, na cha ajabu kwenda hulipi, unalipa ukirudi, mimi nililipa yuro 4.65. Kuna mahekalu ya Ġgantija, umri wake ni zaidi ya miaka 5,500, yamejengwa kabla ya piramidi za Misri, mawe mengine makubwa kama daladala. Ule mlango wa mwamba baharini unaouona kwenye picha za zamani, Azure Window, ulianguka tarehe 8 Machi 2017 kwa dhoruba, haupo, naona bado watu wanautafuta. Dwejra palipokuwa huo mlango nenda tu, kuna kidimbwi cha bahari na boti ndogo zinakupitisha kwenye pango mpaka upande wa pili.

Valletta nayo usiikimbize. Mji ulianzishwa 1566, mwaka mmoja baada ya vita kubwa ya kuzingirwa na Waturuki, na kwa mtu aliyekulia mji wa pwani kuna kitu kinakugusa pale, mitaa myembamba, mawe ya rangi ya asali, na roshani za mbao zilizofungwa zimetokeza juu ya barabara kama za Mji Mkongwe. Pale kwenye bustani ya Upper Barrakka saa sita mchana wanapiga mzinga, mwambie mzee wako mapema, shangazi alinishika mkono akaanza kusoma dua. Kwenye kanisa la Mtakatifu Yohana kuna mchoro wa mchoraji wa Kiitalia Caravaggio wa 1608, wa Yohana kukatwa kichwa, mkubwa unajaza ukuta. Mabega lazima yafunikwe na viatu vya kisigino chembamba hawavitaki kwa sababu ya sakafu ya marumaru. Hapa kanga ilituokoa, bebeni kanga jamani, kanisani unajifunika, ufukweni unaitandika, kwenye basi lenye kiyoyozi unamfunika mtoto.

Sasa jambo ambalo hakuna mtu aliniambia na ndo lilinifurahisha kuliko yote ni lugha. Kimalta kimetoka kwenye Kiarabu, kwa hiyo sisi Waswahili tunaokota maneno njiani. Bahari wanaita baħar. Kitabu ni ktieb. Mdina, ule mji mkongwe wenye kuta, ni madina tu (nendeni jioni magari ya wageni yakiwa yameondoka, unasikia nyayo zako mwenyewe). Herufi x isome kama sh, basi Marsaxlokk ni Marsashlok, na għ usiitamke, ukijua hayo mawili dereva wa basi atakuelewa unaposhuka. Ni Wakatoliki wa dhati, inasemekana imani waliletewa na Mtume Paulo mwenyewe alipovunjikiwa na jahazi, kile kisiwa cha Melita kwenye Matendo ya Mitume, lakini Mungu wanamwita Alla na Kwaresma wanaiita Randan.

Jumapili tulienda soko la samaki Marsaxlokk. Boti zao, luzzu, zimepakwa bluu, njano na nyekundu na mbele kila moja ina macho mawili, shangazi akasema haya si yale macho ya majahazi ya Lamu. Akasimama kwa mzee mmoja anauza lampuki, samaki wa msimu kuanzia mwisho wa mwezi wa nane, shangazi kamgeuza geuza kaangalia mashavu akasema huyu fulusi. Yule mzee anampimia mteja mwingine huku anahesabu noti kwa Kimalta, sittin, sebgħin, tmenin, disgħin, mija, na shangazi nyuma yangu anamfuatisha kwa sauti, sitini, sabini, themanini, tisini, mia. Mzee akaacha kuhesabu, akamwangalia. Akauliza kwa Kiingereza mama umetoka wapi. Shangazi akasema Tanga, kama vile kila mtu anaijua. Wakaanza upya toka moja, wakifika sita na saba wanacheka, na samaki alipunguziwa, sio sana, ila alipunguziwa.

Kwa chakula kama hela ni ya kubana pastizzi zitawabeba, ni kama sambusa ya unga wa matabaka, ndani jibini au njegere, chini ya yuro moja. Wenzangu Waislamu ulizeni mafuta kabla, wengine wanatumia ya nguruwe. Maji ya bomba sehemu kubwa ni ya bahari iliyosafishwa, yana ladha ya chumvi kidogo, tulinunua ya chupa kubwa. Na kama mtaogelea kwenye miamba nunueni viatu vya maji, kuna vile viumbe vya miiba myeusi, mume wangu alitolewa mwiba na mwenye duka la dawa Sliema kwa siki na kibanio cha nyusi, na huyo mwenye duka akakataa hela.

Siku ya kuondoka toka Mellieħa tulipanda basi X1 linalokwenda moja kwa moja uwanja wa ndege. Tulilipanda masaa manne kabla ya ndege, na tulifika na muda wa kunywa chai.