Swali la lugha: Je, kutu hupiga kelele?

Msomaji wetu wa Njiro, Arusha, anayesomea uhandisi, ameandika hivi: "Shikamoo, mwalimu. Tunaandaa bango la Kiswahili la kuonyesha kazi yetu katika viwanja vya Nane Nane, Themi. Kazi yenyewe ni kupima mabadiliko madogo madogo ya umeme yanayojitokeza pale chuma kinapoliwa ndani ya maji. Niliandika 'kipimo cha kelele ya kutu', wenzangu wakacheka na kuuliza tangu lini kutu ikapiga kelele. Mmoja anataka 'sauti', mwingine 'vurugu'. Tuandikeje?"

Marahaba. Neno lililowachekesha wenzako ndilo sahihi kuliko yote uliyoandika. Yanayohitaji kurekebishwa ni "kipimo" na "kutu", pamoja na hicho kiunganishi "ya" ambacho hakuna aliyekigusa.

Tuanze na kutu. Kutu ni kitu: ni ule unga mwekundu unaobaki vidoleni baada ya kushika geti la zamani, unaotokana na chuma kukutana na hewa ya oksijeni na maji. Mnachokichunguza ninyi ni tendo, na tendo hilo huweza kuendelea muda mrefu kabla ya unga huo kuonekana. Tena si la chuma peke yake. Alumini hailetei mtu wekundu, na shaba hugeuka kijani, lakini zote mbili huliwa. Wapo wasemaji wanaosema "kutu ya shaba" kwa ule ukijani, nami siwalaumu, ila katika maandishi ya kitaalamu ni afadhali kila neno libaki na kazi yake.

Mwezi uliopita fundi bomba alikuja nyumbani kwangu, Majengo, Moshi, akafungua kiungo cha bomba la maji, akakigongagonga kwa spana na kunielekezea tundu lake. "Limeoza hili, mwalimu. Nje zima, ndani limeliwa." Mafundi wetu husema hivyo siku zote: bati limeoza, bodi ya gari imeoza, bomba limeliwa. "Kuoza" kunaeleweka, lakini kunatupeleka kwenye nyama na maembe. "Kuliwa" ndiko kunakotufaa, kwa sababu kuna kitenzi ndugu yake, "kulika", kisichomtafuta mlaji, na kutokana nacho tunapata nomino "ulikaji". Ninakiri kwamba soli ya kiatu nayo hulika kwa kusuguliwa tu, bila kemia yoyote. Kwa hiyo mara ya kwanza andika "ulikaji wa metali" na ueleze kwamba ni ule unaosababishwa na kemikali au maji. Kuhusu "babuzi", neno lililozoeleka kwenye lebo za kemikali, hilo ni sifa ya kile kinachoshambulia: asidi ni babuzi, chuma kinalika.

Sasa kelele. Kiswahili hakichanganyi sauti na kelele. Mtu akipigiwa simu akiwa stendi kuu hasemi kwamba kuna sauti nyingi, husema, "Kuna kelele, sikusikii." Kelele ni kile kinachojipenyeza kati ya msikilizaji na jambo analolitaka. Maana hiyo hiyo ndiyo waliyoichukua wahandisi wa simu na redio: mwaka 1918 Walter Schottky aliandika kuhusu kelele za mkondo wa umeme ndani ya vali za redio (zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista), na mwaka 1928 John B. Johnson na Harry Nyquist wakaeleza zile zinazotokana na joto katika kikinzani chochote, yaani kifaa kinachozuia mkondo. Hakuna sikio linalozisikia mpaka zipitishwe kwenye spika, na bado zinaitwa kelele. Tukikubali kwamba redio ina kelele, hatuna sababu ya kuinyima elektrodi, yaani kipande cha metali kilichotumbukizwa majini ili kupima umeme wake.

"Sauti" ingewapotosha wasomaji wenu kwa namna mbaya zaidi, maana ipo mbinu nyingine kabisa ambayo kweli husikiliza: vihisi hubandikwa juu ya chuma ili kunasa mawimbi ya sauti yanayotoka kinapopasuka. Mtembeleaji wa banda lenu akisoma "sauti za ulikaji" atadhani mnafanya hiyo. "Vurugu" nalo ni neno la watu na mikutano yao, tuliache huko.

Kuna jambo moja ambalo lazima bango liliseme waziwazi. Katika redio kelele ni adui, bali katika ulikaji kelele ndiyo habari yenyewe. Mwaka 1968 Warren Iverson alichapisha makala kuhusu mabadiliko ya muda mfupi ya volteji katika metali zinazolika, na mbinu yenu imo katika njia hiyo. Vipande viwili vya metali ya aina moja hutumbukizwa katika maji yale yale na kuunganishwa kupitia ammeta, chombo cha kupima mkondo, ambayo ukinzani wake ni kama hakuna, kisha elektrodi ya tatu, ya rejea (ambayo volteji yake haibadiliki), hutumika kupima volteji. Hakuna umeme unaopelekwa kutoka nje. Metali huachwa iseme yenyewe. Mkondo unaopatikana ni wa nanoampea hadi maikroampea, na volteji hucheza kwa maikrovolti hadi milivolti chache, ndiyo maana waya uliolegea au simu iliyowekwa karibu huweza kuharibu kazi ya siku nzima.

Hapa ndipo lugha yetu inapowapa zawadi ambayo huenda hamkuiona. "Kelele" ni wingi wa "ukelele", yaani mlio mmoja wa kupaza sauti, kama vile "nyufa" ni wingi wa "ufa". Wengi wetu tumeusahau umoja huo, tukabaki na kelele tupu na "makelele" ya kuongezea chumvi. Lakini tazameni grafu zenu. Kishimo kidogo kinapofunguka ghafla juu ya metali yenye utando wa kujikinga, mkondo huruka na volteji hushuka. Kishimo kikijifunga, vyote hurudi taratibu karibu na mahali pake. Tukio hilo moja ni ukelele. Matukio mengi yakipandana, hata lisijulikane lipi limeanza, hizo ni kelele. Kwa hiyo andikeni "kelele za", "kelele hizi zinaonyesha", si "kelele ya", na mnapoelekeza kidole kwenye mruko mmoja wa grafu semeni "ukelele huu". Sijui lugha nyingi zilizo na umoja na wingi uliokaa tayari hivyo kwa kazi ya maabara.

Limebaki "kipimo". Kipimo ni chombo, au kiasi kinachopatikana baada ya kupima. Kitendo chenyewe ni "upimaji". Mkigawanya mchepuko sanifu (yaani kadiri namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) wa volteji kwa mchepuko sanifu wa mkondo mnapata ukinzani wa kelele, na hicho ndicho kipimo: kwa kawaida kikiwa kidogo, metali inalika kwa kasi zaidi. Bango linahusu mbinu nzima, kwa hiyo linataka upimaji.

Ningeandika: "Upimaji wa kelele za kielektrokemia katika kuchunguza ulikaji wa metali", na chini yake, kwa herufi ndogo: "Kelele hizi hazisikiki kwa sikio, ni mitikisiko midogo ya umeme inayotolewa na metali yenyewe inapoliwa." Neno "kielektrokemia", yaani la umeme unaoambatana na mabadiliko ya kemikali, liandikwe kwa mkupuo mmoja, bila kistari.