Jitu la magari sita ya ujenzi linaanguka: anza na kiuno kabla hujanunua kubwa zaidi

Mkuu, umesema mwanao wa miaka sita umemnunulia yale magari sita ya ujenzi ya kijani, kila moja linageuka roboti, na yote sita yanaungana kuwa jitu moja. Wiki ya pili jitu limeanza kuanguka kifudifudi, mikono inachomoka, na dukani wamekushauri uongeze hela uchukue saizi kubwa. Jibu langu fupi: kubwa usinunue. Tafuta bisibisi ndogo ya nyota, lilaze jitu mezani, anza na kiuno.

Jibu refu ndilo hili. Mimi ni fundi wa mitambo ya barabara, na seti za aina hii nimezifungua na kuzifunga za wanangu wawili na ya mpwa wangu mmoja. Ya kwanza niliinunua Kariakoo mwaka 2017 kwa shilingi 35,000, boksi zuri la kung'aa lisilo na jina la kiwanda. Mwanangu alikuwa na miaka mitano, na mitambo alikuwa anaijua kwa macho kwa sababu nilishampeleka saiti mara kadhaa. Alipofungua boksi aliyataja magari yote bila kusaidiwa: katapila, kijiko (mashine ya kuchimba), tipa, kreni, gari la zege, na ile mashine ya matairi ya kupakia mchanga. Kuyaunganisha kulituchukua jioni nzima. Jitu lilisimama juu ya kabati la televisheni siku mbili. Siku ya tatu nimetoka kazini nakuta liko chini, ngumi moja haionekani, na mtoto amekaa pembeni yake kimya. Ngumi ile hatukuipata tena. Ule ukimya wake uliniuma kuliko kelele.

Usiku ule nililifungua lote, na nilichokiona ndani nakiona kila wiki kwenye mitambo mikubwa. Kijiko kikichimba kila siku bila kupakwa grisi, kinachokufa kwanza si injini, ni pini na bushi (kile kibomba kinachoizunguka pini) za pale ndoo inapokutana na mkono. Tundu linatanuka, pini inaanza kucheza, na ndoo inayumba hata opereta awe hodari vipi. Jitu la mwanangu lilikuwa na ugonjwa uleule. Plastiki ya kiunoni ilikuwa laini, tundu limetanuka, na skrubu mbili zilikuwa zimefungwa nusu kutoka kiwandani.

Kwa nini kiuno? Inabidi ujue jitu hili limepangwaje, na hapo lazima nieleze asili yake kidogo, maana hizo seti zetu za bei rahisi karibu zote zimenakili mpangilio mmoja. Magari haya yalitoka kwanza Japani, kampuni ya Takara, kwenye mfululizo wao wa wanasesere ulioitwa Diaclone. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilichukua wanasesere wa Takara ikaanza kuwauza kwa jina la Transformers, na mwaka 1985 yakaingia sokoni haya ya ujenzi kwa jina la Constructicons. Jitu lao linaitwa Devastator. Ndilo la kwanza kwenye ukoo mzima wa Transformers kuunganishwa kutoka roboti kadhaa, na waliofuata wote wanapimwa kwalo mpaka leo.

Sasa mpangilio. Mguu wa kulia ni Scrapper, ile mashine ya matairi yenye ndoo mbele, na ndiye kiongozi wao. Mguu wa kushoto ni Mixmaster, gari la zege. Mkono wa kulia ni Scavenger, yaani kijiko. Mkono wa kushoto ni Bonecrusher, katapila. Kifua na mabega ni Hook, kreni. Na kiuno ni Long Haul, tipa. Simamisha jitu halafu hesabu walioko juu ya tipa: kreni, kijiko, katapila. Magari matatu mazima yamekaa juu ya gari moja, na mawili kati ya hayo yananing'inia pembeni kama mikono. Mtoto akiinua mkono wa kijiko mbele, uzito wote wa mkono ule unavuta kifua kwenda mbele, na anayezuia ni Long Haul peke yake. Pale kiunoni pakiwa na mchezo wa milimita moja, kichwani jitu limeshainama zaidi ya hapo mara kadhaa. Ndiyo maana lako linaanguka kifudifudi, halianguki chali.

Kuna kitu nakipenda sana katika mpangilio huu, nacho ni kwamba aliyeubuni aliijua mitambo. Tipa, ambayo saiti kazi yake ni kubeba, ndiyo iliyopewa kubeba. Kreni, ambayo kazi yake ni kunyanyua, ndiyo imeshika mabega yote mawili. Katika hadithi yao Long Haul ni mnung'unikaji, hapendi kuwa mbeba mizigo siku zote, na nilipomsimulia mwanangu hilo alielewa mara moja kwa nini kiuno ndicho kinacholegea kwanza. Alisema Long Haul amechoka. Hakukosea.

Jambo jingine la kujua: majitu mengi yaliyofuata baada ya Devastator yalitengenezwa kwa mtindo wa roboti mmoja mkubwa kuwa kiwiliwili na wanne wadogo kuwa viungo, na wale wanne wanabadilishana nafasi, leo mguu, kesho mkono. Hawa wa ujenzi hawabadilishani. Kila mmoja ana nafasi yake, akipotea mmoja jitu halipo. Kwa hiyo unaponunua seti ya sita kwa mtoto, nunua na ndoo ndogo yenye mfuniko ya kuhifadhia. Sisi tunatumia ya mafuta ya kula ya lita tano, nimekata juu. Vipande vya kuungia, yaani ngumi, kichwa na bamba la kifua, navyo ni vingi, na kwenye muundo huu wa zamani havina pa kukaa magari yakiwa magari. Vinabaki mezani, vinafagiliwa na takataka. Ukikuta seti ambayo ngumi inajificha ndani ya gari lenyewe, hiyo ichukue hata ikizidi bei.

Kuhusu ushauri wa saizi kubwa. Ukilikuza jitu mara mbili kwa urefu, upana na kina, plastiki ikiwa ileile na umbo lilelile, uzito wake unakuwa mara nane. Pini ya kiunoni nayo umeikuza mara mbili, lakini eneo la mkato wake, ambalo ndilo linalohimili, limekuwa mara nne tu. Mzigo mara nane, nguvu mara nne. Ndiyo maana nakala kubwa ya seti mbovu inaanguka haraka kuliko ile ndogo. Mpwa wangu wa Morogoro alinunuliwa hiyo kubwa, na kabla mwezi haujaisha mguu wa gari la zege ulipasuka pale pini inapoingia. Kubwa linasimama pale tu walioliunda wamebadilisha viungo vyenyewe. Hasbro walitoa Devastator mkubwa mwaka 2015, urefu wake ni kama sentimita 46, na nyonga na magoti yake wameyawekea meno ya ndani, ukikunja yanalia tak, tak, tak na kujifunga. Takara nao walitoa lao la muundo huohuo likiwa na viwiko vinavyokunja vizuri zaidi. Hizo ni bei nyingine kabisa, na kwa mtoto wa miaka sita mimi nisingeharakisha.

Kama bado unataka kubadilisha seti, fanya hivi dukani na usione aibu, muuzaji akikataa kufungua boksi ondoka. Toa tipa kwanza, usiangalie nyingine. Igeuze iwe kiuno, shika juu na chini, ipindue taratibu kama unakamua nguo. Ukisikia tak-tak ya meno, nzuri. Ikizunguka kimya lakini kwa ukakasi, inafaa kwa seti ndogo. Ikizunguka kama mlango wa banda, rudisha. Baada ya hapo chomeka miguu miwili kwenye kiuno bila kuweka kifua, uisimamishe kaunta. Miguu ikitanuka yenyewe kwenda pembeni kabla hujaweka chochote juu, hakuna dawa ya hiyo. Mwisho mpe mtoto gari mojamoja alicheze kama gari, maana siku nyingi atacheza na magari kuliko jitu. Katapila lisilobiringika sakafuni ni hasara hata kama mkono wake ni imara.

Rangi isikusumbue. Wengi wanadhani ya kijani yenye zambarau ndiyo halisi na nyingine zote ni feki. Kijani ndiyo ya 1985 kweli, lakini Hasbro wenyewe waliwatoa tena mwaka 1993 kwa manjano, na baadaye wakawapaka rangi ya chungwa. Feki utaitambua kwa viungo.

Sasa matibabu ya hilo ulilonalo, maana naamini linapona. Fungua skrubu za tipa moja baada ya nyingine na uzipange mezani kwa mpangilio uleule zilivyokaa, zipo ndefu na fupi. Ndefu ukiiingiza kwenye tundu la fupi itatoboa upande wa pili. Angalia pini ya kiuno. Kama tundu limetanuka kidogo, paka pini rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka jembamba, acha ikauke usiku kucha, jaribu, ongeza tabaka jingine kama bado inacheza. Mke wangu alinipa chupa yake moja na sasa inakaa kwenye boksi langu la spana. Usitumie gundi ya papo hapo ukiwa na haraka, ikishika kabla hujazungusha kiungo umekigandisha milele. Niliharibu bega la kreni hivyo, mtoto akiwa anaangalia.

Kama tundu limetanuka sana, kata kiduara chembamba kutoka soli ya kandambili iliyochakaa, kitoboe katikati, kivishe kwenye pini kama washa, halafu funga skrubu. Ile mpira inajaza nafasi na kutoa ukakasi. Jitu la mwanangu limetembea na washa ya kandambili ya bluu kiunoni tangu mwaka ule na halijainama tena. Ukifunga skrubu, funga mpaka iguse kisha ongeza robo mzunguko tu. Plastiki si chuma, uzi wake ukikatika umekatika.

Mikono inayochomoka ni suala dogo zaidi. Mara nyingi ni kwa sababu mtoto anaichomeka kijiko kikiwa hakijafungwa vizuri, kimebaki nusu gari nusu mkono. Mfundishe kugeuza gari lote mpaka lisikike limefunga ndipo achomeke. Na mfundishe kuunganisha kuanzia chini: miguu kwanza, halafu tipa, halafu kreni, mikono mwishoni. Watoto wote niliowaona wanaanza na kichwa.

Kwa umri wa wako sina wasiwasi, ila kama nyumbani yupo aliye chini ya miaka mitatu, ngumi na vichwa hivyo vikae juu. Vinatosha kabisa kuingia kooni.

Kitu cha mwisho, hakihusu skrubu lakini nimekiona kikifanya kazi. Krismasi moja tulikuwa Morogoro, watoto sita wa ukoo, jitu moja, ugomvi tangu asubuhi. Mwanangu akawasimulia kwamba Devastator ana nguvu nyingi ila akili yake ni nzito, kwa sababu hawezi kufanya jambo ambalo wote sita ndani yake hawajakubaliana. Wakagawana gari mojamoja. Aliyepata tipa, binti mdogo wa dada yangu, alikataa kuunganisha mpaka wamalize kumjengea barabara ya mchanga kutoka kisimani hadi mlangoni. Wakaijenga, kijiko kikichimba, katapila likisawazisha, na ilipofika saa kumi jioni jitu lilisimama juu ya kifusi chao wenyewe. Picha ninayo hadi leo.

Fungua kiuno leo jioni ukae na mwanao, mwachie yeye kazi ya kushika skrubu. Kisha piga picha ya pini na tundu kwa karibu uiweke hapa, nitakwambia kama ni rangi ya kucha au ni kandambili.