Vitabu vya babu, binti na mdogo wake

Dada wa Ujiji, umeuliza umnunulie nini baba yako, binti wa kidato cha nne na mdogo wake wa darasa la tatu. Mzee mpe "Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu", kumbukumbu za hayati Rais Ali Hassan Mwinyi zilizotoka 2021. Binti mpe riwaya "Peponi" ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Humo kijana Yusuf anaondolewa kwao katika mwaka wake wa 12 kwa deni la baba yake, kisha anafuata msafara wa biashara hadi bara, huku kwetu. Msome pamoja, kina mambo mazito. Huyo mdogo njoo naye dukani kwetu Tabora achague mwenyewe. Asome ukurasa mmoja kwa sauti. Akikwama kila mstari, tunampa chepesi zaidi.